Wimbo si wa mmoja, wala si wa kila mtu

Vitabu vingi vya fasihi simulizi tunavyovitumia shuleni vina jedwali la safu mbili. Upande huu fasihi simulizi, upande ule fasihi andishi. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza hulikariri kabla hajaketi kusikiliza wimbo hata mmoja kwa makini. Mojawapo ya tofauti zinazoorodheshwa humo ni hii: fasihi andishi ni mali ya mwandishi, fasihi simulizi ni mali ya jamii. Mtahini huuliza, mtahiniwa hujibu, alama hutolewa, na biashara imeisha.

Mimi sina ugomvi na safu ya kwanza. Ya pili ndiyo inayoniwasha. Jamii ipi hiyo? Wakamba wote, kuanzia Mwingi hadi Makindu? Watu wa kata moja? Wenye kijiji? Ukisema wimbo ni mali ya jamii, umesema jambo linalofanana na heshima kubwa, kumbe papo hapo umemfuta mtu aliyekesha akiutafutia mstari wa tatu. Na ukishamfuta huyo, yeyote mwenye nauli ya kufika studio anaweza kujichotea. Si ni mali ya jamii? Na yeye si mwanajamii?

Wazo hili limekuwa likinisumbua tangu nilipoanza kwenda Matinyani, kule Kitui Magharibi, kusikiliza kikundi kidogo cha watunzi wa nyimbo. Wengi wao ni kina mama, wapo wazee wawili, na kijana mmoja wa kwaya anayepiga kinanda. Sitakitaja kikundi chenyewe kwa jina, hakikuniomba kukitangaza. Hukutana alasiri, kina mama mikononi wana vyondo ambavyo havijakamilika, na mtu mmoja huleta wimbo. Anauimba wote. Hakatizwi. Akimaliza, kimya kidogo, kisha kazi inaanza.

Hapa yafaa tusimame kwenye neno lenyewe, kwa kuwa safu hii ni ya lugha. Kiswahili kina kitenzi kizuri mno: kutunga. Twatunga wimbo, twatunga shairi, twatunga sheria. Lakini pia twatunga shanga katika uzi, na mvuvi hutunga samaki kwenye ukambaa mpaka akapata mtungo. Jipu nalo hutunga usaha, ila hilo tuliache. Maana iliyo chini ya matumizi haya ni kukusanya vitu vilivyotawanyika na kuvipitisha kwenye kitu kimoja kinachovishika. Hakuna popote katika neno hili panaposema kwamba mkono unaopitisha lazima uwe mmoja.

Sasa Mkamba akilisikia neno hilo, lina mwangwi mwingine masikioni mwake. Katika Kikamba, kutunga ni kurudisha. Kutunga muvea ni kutoa shukrani, yaani kuzirudisha kwa aliyekutendea wema. Sidai kwamba vitenzi hivi viwili vina asili moja. Sauti zinaweza kufanana kwa bahati tu, na mtu anayejenga nasaba ya maneno kwa kufuata sauti peke yake hujenga juu ya mchanga. Ila nikiwa pale Matinyani, ambako watu huingia Kiswahili na kutoka bila kubisha hodi, maana zote mbili zilikuwa zikifanya kazi kwa pamoja. Mtu analeta wimbo, anaurudisha kwa wenzake, nao wanamrudishia ukiwa tofauti.

Kiongozi wa wimbo katika Kikamba huitwa ngui. Huyo ndiye anayeanzisha, ndiye anayebuni maneno, na wengine humwitikia. Kwa mbali anafanana na manju wetu. Wanafunzi wa fasihi humchora ngui kama mtu peke yake mbele, na nyuma yake kuna umati unaorudia kama kasuku. Picha hii ina kasoro. Wanaoitikia wana kura. Kiitikio kikiwa kigumu kutamka, kikiwa hakina pumzi, au kikiwa ni uongo, hawaiti. Sauti zinalegea tu, na ngui mwenye masikio huelewa kwamba mstari huo umekataliwa. Kwa hiyo hata ule mtindo wa kuitikizana, ambao tumezoea kuutaja kama sifa ya umbo na kupita, ni aina ya uhariri.

Mambo haya ya watu kushika kazi moja kwa mikono mingi si mageni Ukambani. Neno mwethya, yaani kikundi cha kusaidiana kazi, lina historia ndefu, pamoja na kipindi kile cha ukoloni ambapo serikali iliwatumia watu wa mwethya kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo kule Machakos. Kazi ya mwethya haiendi bila nyimbo. Na wachongaji wa vinyago wa Wamunyi wanajua kwamba mmoja huchonga, mwingine hupiga msasa, mwingine hutia rangi ya viatu. Sisi pia husema tunaupiga msasa mswada. Tofauti ni kwamba mswada uliopigwa msasa hutoka na jina la mtu mmoja kwenye jalada, na kinyago hutoka bila jina lolote. Tazama: safu zile mbili za jedwali tena!

Lakini nirudi kwenye kazi yenyewe, maana hapo ndipo penye utamu. Wimbo mmoja niliousikia ukitengenezwa ulihusu mchanga wa mtoni. Anayeijua Kitui na Makueni anajua kwamba mito mingi huko ni ya msimu. Mvua ikiisha, maji hujificha chini ya mchanga, yakisalimika na jua, na watu huchimba vishimo humo mtoni kuyafuata. Lori likija kuchota mchanga wa kujengea nyumba za mijini, linachukua na kabati lililohifadhi maji. Mistari yao sitaichapisha hapa. Sababu itaonekana punde. Nitatunga mwenyewe mfano wa Kiswahili unaopita njia ileile iliyopitwa na wao.

Tuseme wimbo ulifika ukiwa hivi:

Mchanga ni mali yetu,
tuutunze sote pamoja.

Ni kweli tupu. Ni kweli ya barazani, ya chifu aliyesimama chini ya mwembe akiwa na karatasi. Pingamizi la kwanza lilitoka kwa susu mmoja, mkongwe kuliko wote pale, na halikuwa pingamizi la kifalsafa. Alitaka kujua ni nani anayesema maneno hayo, na amesimama wapi. Swali hilo nimelisikia likiulizwa katika semina za uzamili kwa istilahi nzito za nafsineni na usimulizi, na sina hakika kwamba sisi tuliliuliza vizuri zaidi. Baada ya mzunguko wa kwanza wa marekebisho tukawa na kitu cha namna hii:

Lori lilipita usiku.
Asubuhi nachimba, nachimba, kata haigusi maji.

Sasa yupo mtu. Ana mikono, ana kata, na ana asubuhi. Neno "mali" limetoka, neno "sote" limetoka, na hakuna aliyeambiwa atunze chochote. Ile nachimba ya pili ililetwa na mwingine kabisa, aliyesema kwa ufupi kwamba hakuna anayechimba mara moja. Mhakiki angeandika ukurasa mzima kuhusu takriri hiyo. Mama yule aliendelea na kyondo chake.

Kisha palizuka mvutano wa sauti. Kijana wa kinanda alikuwa ameleta mahadhi mazuri, ya kisasa, yanayopanda mwishoni mwa mstari. Tatizo ni kwamba Kikamba ni lugha ya toni; ukilipandisha neno pasipopandishwa, unaweza kuwa umesema neno jingine, au hujasema neno lolote. Kina mama waliangua kicheko mara ya kwanza alipouimba. Msomaji wa Kiswahili, ambaye lugha yake haina toni za kutenganisha maana, anaweza kuonja taabu hiyo kwa neno barabara. Weka mkazo kwenye silabi ya tatu, ni njia ya magari. Uweke kwenye ya pili, ni sawasawa kabisa. Mtunzi wa kwaya asiyejali anaweza kuwaimbisha waumini kwamba wokovu ni wa lami. Tenzi nyingi za makanisani zilizotafsiriwa Kiafrika na kubanwa ndani ya mahadhi ya Kizungu zina majeraha ya aina hii, na tumeshazizoea kiasi kwamba hatusikii tena. Hugh Tracey, katika kitabu chake Chopi Musicians cha 1948, aliwaeleza watunzi wa marimba wa Msumbiji ambao huanza na maneno, kisha mahadhi huyafuata maneno, kisha wapigaji wenzake hutia zao, na mwisho huja wachezaji ngoma na madai yao. Matinyani kijana alibadilisha mahadhi yake. Kwa shingo upande, lakini alibadilisha. Ukiniuliza mimi, wimbo ulipata zaidi ya kile kinanda kilichopoteza.

Mgogoro mkubwa ulikuwa wa jina. Mtunzi alikuwa amemtaja dereva wa lori waziwazi katika ubeti wa mwisho. Wakamba wana utamaduni wa nyimbo za kukemea, myali, ambamo ngui aliweza kumwanika mwizi, mzinzi, hata mkubwa mwenye cheo, hadharani. Kwa hiyo kumtaja mtu si utovu wa adabu, ni tanzu. Wengine walitaka jina libaki. Wengine walikumbusha kwamba siku hizi wimbo hauishii uwanjani, unaingia kwenye simu na kufika Mombasa kabla jua halijatua, na dereva ana mama yake, tena mama huyo wanasali naye. Nilidhani watapiga kura. Hawakupiga. Walikaa na mstari huo mpaka mtu akapata njia ya tatu, ambayo katika mfano wangu ningeisema hivi:

Na aliyeshika usukani
alioshwa kwa maji haya siku aliyozaliwa.

Jina limeondoka na shutuma imekuwa kali zaidi. Pale kijijini kila mmoja anajua ni nani. Mombasa hakuna anayejua, na bado inauma. Hili ni fumbo kwa maana yake kamili, na naliona kuwa bora kuliko mafumbo mengi tunayowalisha watoto kwenye diwani, kwa kuwa limetokana na haja. Limezaliwa kwa sababu watu kumi na wenye kukaa jirani ilibidi wakubaliane.

Mtu atasema haya ni mambo ya vijijini tu. Hata kidogo. Siti binti Saad, aliyerekodiwa sahani za santuri kule Bombay mwaka 1928, hakuwa sauti iliyotoka hewani. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Pastimes and Politics cha 2001, ameonyesha jinsi nyumba ya Siti huko Ng'ambo, Unguja, ilivyokuwa mahali pa kukutania jioni: wanabendi, marafiki, majirani, habari za siku zikiletwa, maneno yakisukwa kwa pamoja. Wakina Maalim Shaaban, Mbaruk na Subeti hawakuwa wapigaji wa nyuma tu. Wimbo wao kuhusu Kijiti, uliotokana na kisa cha mauaji ya mwanamke na kesi iliyowaacha watu na uchungu, ulichagua njia ambayo kikundi cha Matinyani hakikuichagua: ulimtaja mtu kwa jina. Lakini sisi tumebaki na jina la Siti. Shaaban Robert aliandika Wasifu wa Siti binti Saad, kazi nzuri mno, na wasifu kwa desturi yake hutaka mtu mmoja. Simlaumu marehemu. Nasema tu kwamba hatujaandikiwa wasifu wa ile sebule.

Mfano wa karibu zaidi nasi ni Kamĩrĩĩthũ, Limuru. Ngũgĩ wa Thiong'o amesimulia katika Decolonising the Mind jinsi rasimu ya Ngaahika Ndeenda, aliyoiandika pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, ilivyosomwa mbele ya wakulima na wafanyakazi wa kijiji mwaka 1977, nao wakasahihisha lugha, wakaongeza nyimbo, wakawaelekeza wasomi jinsi sherehe zinavyoimbwa. Mchezo ulianza Oktoba 2, leseni ikaondolewa Novemba 16, na Desemba 31 Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa na kuwekwa kizuizini. Kwa jicho la uhakiki, jambo moja hapa hunishangaza. Serikali yenyewe ilisoma tamthilia ile kama mtahiniwa wa kidato cha kwanza: ikatafuta mwandishi, ikamfungia. Kikundi kiliendelea kuwapo. Ilikuwa hadi Machi 1982, polisi walipoubomoa ukumbi wa wazi wa Kamĩrĩĩthũ, ndipo dola ilipoonyesha kuwa imeelewa kazi ile ilitoka wapi. Kitabu, hata katika tafsiri yake ya Kiswahili ya Nitaolewa Nikipenda, kina majina mawili kwenye jalada. Wahakiki wetu wengi bado wanasema "Ngũgĩ anadokeza", "Ngũgĩ anakejeli", hata pale wimbo unaozungumziwa uliletwa na mwanakijiji.

Sitaki nisikike kama mpambe wa vikundi. Vikundi vinaweza kuua wimbo. Nimezisikia, na wewe msomaji umezisikia, nyimbo zilizotungwa na vikundi kwa ajili ya mradi fulani wa afya au wa kilimo, wafadhili wakiwa wameketi mbele na maji ya chupa. Kila mmoja ametia neno lake ili asiachwe nje, na matokeo yake ni orodha ya maazimio yenye kiitikio. Hata Matinyani niliona mstari mmoja wa ajabu, wenye taswira ambayo sijawahi kukutana nayo katika lugha yoyote, ukilainishwa hadi ukawa wa kawaida kwa sababu watu wawili hawakuuelewa. Niliumia. Ila mimi si mwanakikundi, nilinyamaza. Tofauti baina ya wimbo wa mchanga na ule wa mfadhili si idadi ya watunzi. Kwenye ule wa kwanza watu walikuwa tayari kumwambia mwenzao kwamba mstari wake ni mbovu, kisha wakala naye isyo. Kwenye ule wa pili hakuna aliyethubutu.

Sasa nije kwenye sababu ya kutochapisha mistari yao. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, ya mwaka 2001, hailindi wimbo ulio mdomoni. Ni sharti kazi iwe imeandikwa au kurekodiwa, yaani iwe na umbo linaloshikika. Maana yake ni kwamba wimbo uliotengenezwa na watu kumi na wawili kwa majuma sita, ukiwa bado uko vifuani mwao, hauna ulinzi wa sheria hiyo. Na mtu wa kwanza kuushika kwenye kinasa sauti, au kwenye gazeti, ndiye anayeonekana kuwa na karatasi. Tumeona jinsi Malaika ulivyogombewa, huku wengine wakimtaja Fadhili William na wengine Adam Salim, na huo ni wimbo ambao angalau kila upande una jina moja la kutetea. Wenye majina kumi na mawili watafanyaje?

Ajabu ni kwamba sheria hiyohiyo imeona kile ambacho jedwali letu halikioni. Inatambua kazi ya watunzi wa pamoja, ambayo mchango wa kila mmoja hauwezi kutenganishwa na wa mwenzake. Muda wa ulinzi wa kazi ya namna hiyo ni miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi wa mwisho kufariki, kwa hiyo kikundi chenye susu wa miaka themanini kinafanya busara kuwa na kijana wa kinanda. Halafu iko Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni ya 2016, inayoshughulikia kile ambacho kweli ni cha jamii. Mawakili wana masanduku matatu: la mtu binafsi, la watunzi wa pamoja, la jamii. Walimu wa fasihi tuna mawili, na lile la katikati, ambalo ndilo linalobeba nyimbo nyingi zinazotungwa leo katika kwaya, katika vyama vya kina mama na katika mabaraza ya vijana, hatuna hata jina lake la kulifundishia. Utunzi wa pamoja? Utunzi shirikishi? Mimi naona "mtungo" lingetufaa, kwa kuwa tayari lipo na tayari lina uzi ndani yake. Wanaohariri vitabu vya kiada wanaweza kulipima.

Jambo la vitendo nililoona likianza Matinyani halikutoka kwangu. Siku wanapokubali kwamba wimbo umekamilika, kijana huweka simu juu ya kigoda na kuanza kurekodi. Kabla ya ngui kuanzisha, kila aliyehudhuria hutaja jina lake kamili, na la mwisho kabisa husemwa tarehe. Mzee mmoja aliyekosa vikao viwili alitaka jina lake litiwe hata hivyo, kwani ati yeye ndiye aliyeleta neno "kata". Walibishana karibu nusu saa. Nilipoondoka walikuwa hawajaafikiana.